Maswali ya Wasomaji: Kunti Alinyamaza, Bharata Akamkana Mama Yake

Barua nyingi za safari hii zinahusu Mahabharata na Ramayana, tamthilia za wafalme wa Kihindi. Wengi wenu mnaziangalia kwenye flashi na simu, zikiwa na sauti ya Kifaransa. Tumechagua zile zinazouliza jambo moja: mbona katika nyumba hizi za kifalme mama anamficha mwanawe, mtoto anamkana mama, na wajomba wanavunja ukoo, huku kila mtu akisema anatimiza wajibu? Mtakuta majibu yetu yanarudi mara kwa mara kwenye ndoa za wafalme wazee na masharti waliyopewa na wakwe. Chanzo cha ugomvi mara nyingi kiko huko, si vitani.

"Tumefika pale Kunti anamwona Karna uwanjani. Anazimia, anaamka, kisha ananyamaza. Yaya wangu anasema ni haya tu. Mimi nasema mama aliyempoteza mtoto hawezi kunyamaza hivyo. Nani ana haki?" (Mama Mapasa, Katuba, Lubumbashi)

Mama, yaya wako ana nusu ya haki. Haya ipo, ila haitoshi kueleza kimya cha miaka mingi hivyo. Katika nyumba hiyohiyo Satyavati, bibi mkubwa wa ukoo, naye alizaa kabla ya kuolewa. Mtoto wake ni Vyasa. Kiti cha enzi kilipokosa mrithi alimweleza Bhishma, mwanawe wa kambo, siri hiyo waziwazi, Vyasa akaitwa, na ukoo ukaendelea kwa mkono wake. Hakuna aliyemfukuza Satyavati. Basi kwa nini Kunti asiseme?

Turudi nyuma kidogo. Kunti alizaliwa akiitwa Pritha, binti wa Shura. Baba yake alikuwa amemwahidi binamu yake Kuntibhoja, asiye na mtoto, kwamba atampa mzaliwa wake wa kwanza, na ahadi akaitimiza. Kwa hiyo huyu mama anayelaumiwa kwa kumtoa mtoto, naye alitolewa na wazazi wake akiwa mdogo. Tamthilia nyingi hupita hapo mbio, nasi tunaona ni kosa. Kwa Kuntibhoja akapewa kazi ya kumhudumia Durvasa, mgeni mwenye hasira za ghafla, kwa mwaka mzima. Malipo yakawa maneno ya siri ya kumwita mungu yeyote amtakaye. Akayajaribu, akaja Surya, mungu wa jua, na Karna akazaliwa akiwa na deraya mwilini na hereni masikioni. Usiku Kunti na mlezi wake wakamlaza mtoto ndani ya kikapu kilichozibwa kwa nta, wakakiachia kwenye mto Ashva. Maji yakakipeleka Charmanvati, kisha Yamuna, kisha Ganga, hadi nchi ya Anga. Huko Adhiratha, mwendesha gari la vita, na mkewe Radha wakampata.

Sasa sheria. Mtoto wa msichana asiyeolewa alihesabiwa kuwa mwana wa mwanamume atakayemwoa mama yake. Kunti akaolewa na Pandu, mfalme. Maana yake Karna ni mwana wa kwanza wa Pandu, mbele ya Yudhishthira, mkubwa wa watoto watano wa Pandu. Siku ya uwanjani, Kunti angefungua mdomo, angekuwa amemvua mwanawe mmoja urithi na kumvika mwingine, tena mbele ya watu ambao tayari walikuwa wanatafuta sababu ya kuwanyima watoto wa Pandu kila kitu. Satyavati aliposema, alijaza kiti kilicho wazi. Kunti angesema, angemwondoa mtu kwenye foleni.

Ukiirudia sura hiyo, angalia mambo yanavyofuatana. Karna anamwita Arjuna, mdogo wa Yudhishthira, wapigane. Kripa, mwalimu wa silaha, anauliza ukoo wa Karna, kwa kuwa mwana wa mfalme hapigani na asiyejulikana. Duryodhana, binamu na mpinzani wa watoto wa Pandu, anamtawaza papo hapo kuwa mfalme wa Anga. Kabla kichwa hakijakauka maji ya kutawazwa, Adhiratha anaingia akijikongoja na fimbo, na Karna anainamisha kichwa hicho kilicholowa mbele ya baba yake mlezi. Hapo ndipo Bhima, ndugu wa Arjuna, anapocheka na kumwambia akashike mjeledi wa farasi. Kunti ameshazimia, shemeji yake Vidura amemrudishia fahamu kwa maji ya msandali. Jua linatua, pambano linaishia hapo.

Wengi huishia kumlaumu Kunti kwa siku hiyo. Sisi tungemhukumu zaidi kwa siku aliyokwenda kumwona Karna mtoni. Vita ya Duryodhana na watoto wa Pandu ikiwa mlangoni, Krishna, aliye upande wa watoto wa Pandu, anamweleza Karna ukweli na kumpa ufalme: Yudhishthira awe mrithi wake na kumpepea, Bhima amshikie mwavuli wa kifalme, Arjuna amwendeshee gari. Karna anakataa. Radha alimnyonyesha kwa mapenzi, Adhiratha alimfanyia matambiko yote ya mtoto, ameoa na kuzaa kati yao, na kwa miaka 13 amekula ufalme wa Duryodhana. Kisha anaomba Yudhishthira asiambiwe, kwa kuwa akijua atamwachia nchi, na yeye Karna ataikabidhi kwa Duryodhana. Ombi hilo linaonyesha wazi kwamba siri ile ilikuwa siri ya urithi.

Baada ya hapo Kunti mwenyewe anamfuata ukingoni mwa Ganga. Karna yuko kwenye sala, ameelekea jua. Mama anasimama nyuma yake kwenye kivuli cha nguo yake, akingoja jua lichome mgongo wa mwanawe ndipo ageuke. Karna anageuka na kujitambulisha kuwa mwana wa Radha na Adhiratha. Halafu anamwambia wazi kwamba hakuwahi kumtendea kama mama, na leo amekuja kwa faida yake. Hata hivyo anampa ahadi: hatawaua wanne, atapigana na Arjuna tu, na Kunti atabaki na wana watano, yeye akiwamo au Arjuna akiwamo. Ahadi hiyo anaishika. Vitani anawashinda Yudhishthira, Bhima, Nakula na Sahadeva kwa nyakati tofauti, na kila mmoja anamwacha hai. Ndiyo maana sura zile zinawashangaza watazamaji walioruka kipindi cha mtoni: wanadhani Karna amelegea.

Kunti anasema hadharani baada ya maiti kuchomwa tu, siku ya kuwamwagia wafu maji, anapowaomba wanawe wammwagie na kaka yao mkubwa. Yudhishthira anaposikia anawalaani wanawake wote wasiweze tena kutunza siri. Laana ya ajabu, Mama Mapasa, na yaya wako atakuwa na la kusema juu yake.

"Bhishma alikula kiapo asioe. Wadogo zake wakafa bila watoto, na mama wa kambo mwenyewe akamwomba aoe. Kwa nini hakukubali? Je, si yeye aliyeangusha ukoo?" (Mwalimu mstaafu, Kadutu, Bukavu)

Mzee, umeshika mahali penyewe. Kiapo kile kilikuwa na sehemu mbili, na lazima zitenganishwe. Mfalme Shantanu, mtu mzima mwenye mwana tayari, alimpenda Satyavati, msichana wa kuvusha watu mtoni. Baba wa msichana, mkuu wa wavuvi, akatoa sharti: mtoto wa binti yangu ndiye atakayerithi. Shantanu akashindwa kujibu, akarudi nyumbani akikonda. Mwanawe Devavrata akaenda mwenyewe na wazee kuposa kwa niaba ya baba. Kwanza akaacha ufalme. Mvuvi akasema: wewe nakuamini, je, watoto wako? Ndipo akaongeza sehemu ya pili, kutooa maisha yake yote, na tangu hapo akaitwa Bhishma. Baba yake akamzawadia uwezo wa kuchagua saa ya kufa.

Sehemu zote mbili zilikuwa deni kwa Satyavati na uzao wake. Chitrangada akafa vitani, Vichitravirya akafa kwa ugonjwa wa kifua, wote bila mtoto. Mdai mwenyewe akasema deni limekwisha. Bhishma akakataa, akisema jua litaacha mng'ao wake kabla yeye hajaacha ukweli wake. Maoni yetu ni kwamba kuanzia hapo alikuwa anatunza jina lake kuliko ukoo. Mlinganishe na Krishna: alikuwa ameahidi kutopigana katika vita ile, lakini siku ya 3 anaruka garini na silaha yake ya duara kumkimbilia Bhishma, na siku ya 9 anamkimbilia tena na mjeledi, kwa sababu Arjuna analegea mbele ya babu yake. Arjuna anamshika na kumrudisha. Krishna na Bhishma ni watu wawili wenye aina mbili za uaminifu, na mtunzi amewaweka uso kwa uso makusudi.

Kuna kosa moja ambalo tamthilia huongeza. Baadhi humpa Bhishma kiapo cha tatu, cha kumwona baba yake ndani ya kila atakayekalia kiti cha Hastinapura, mji mkuu wa ukoo huo, na hicho ndicho hutumika kueleza kwa nini anapigana upande wa Duryodhana. Katika maandiko ya kale ya Kisanskriti, zilikotoka tamthilia hizi, maelezo ni ya chini zaidi, na makali zaidi. Asubuhi ya vita Yudhishthira anapokuja kumwomba baraka, Bhishma anamwambia kwamba mtu ni mtumwa wa mali, na yeye amefungwa na mali ya Wakaurava, yaani upande wa Duryodhana. Amekula chakula chao. Ni hayo tu.

"Kati ya Yudhishthira na Duryodhana, nani mrithi halali? Tunabishana kila siku." (Kijana wa Majengo, Goma)

Mtaendelea kubishana, kijana. Dhritarashtra, baba wa Duryodhana, ndiye mkubwa, akarukwa kwa sababu ni kipofu. Mdogo wake Pandu akatawala, kisha akaenda msituni baada ya kulaaniwa, na kiti kikarudi kwa kipofu. Vidura, mwenye busara kuliko wote, hakuhesabiwa kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi. Yudhishthira alizaliwa kabla ya Duryodhana. Hoja ya Duryodhana ina nguvu kuliko wengi wanavyokiri: watoto wa Pandu wakipewa, ufalme utabaki kwa uzao wao daima, na uzao wa mkubwa utafutika kwa sababu ya macho ya mtu mmoja. Tatizo lake ni kukataa kugawana. Baada ya miaka 13 ya kufukuzwa, Yudhishthira alishuka hadi kuomba vijiji vitano, vinne kwa majina na cha tano chochote. Duryodhana akakataa hata ardhi ya ncha ya sindano.

"Katika Ramayana, Bharata anamtukana mama yake Kaikeyi kwa sababu amemtafutia ufalme. Tena anaweka viatu kwenye kiti cha enzi! Kweli mtoto anaweza kumwambia mama maneno yale, au ni chumvi ya televisheni?" (Dada wa Nyawera, Bukavu)

Chumvi haipo, dada. Katika Ramayana ya Valmiki, mtunzi wa kale, maneno yake ni makali hata zaidi. Bharata hakuwapo wakati mambo yanatokea. Alikuwa kwa wajomba zake, nchi ya Kekaya, pamoja na Shatrughna. Wajumbe wakamwita bila kumwambia baba amekufa. Akafika Ayodhya baada ya siku saba njiani, akakuta mji kimya. Mama yake ndiye aliyempa habari mbili kwa pamoja: baba amefariki, na kiti ni chako.

Watu wanakumbuka zawadi mbili ambazo mfalme Dasharatha, baba yake Bharata, alimwahidi Kaikeyi baada ya Kaikeyi kumwokoa vitani, nazo akazidai siku ya mwisho: Rama, kaka yake Bharata, aende msituni miaka 14, Bharata atawazwe. Lakini kuna ahadi ya zamani zaidi ambayo tamthilia nyingi huiacha. Huko msituni Chitrakuta Rama mwenyewe anamwambia Bharata kwamba baba yao, alipomwoa Kaikeyi, alimwahidi baba wa Kaikeyi ufalme kuwa mahari. Hebu iweke karibu na ile ya mvuvi hapo juu. Tena mfalme mtu mzima, tena mke mpya, tena mkwe anayetaka kiti cha enzi kwa ajili ya mjukuu. Tofauti ni kwamba Shantanu alishindwa kutamka ndiyo, mwanawe akalipa. Dasharatha alitamka, kisha akapanga kumtawaza Rama haraka, Bharata akiwa safarini. Ukiangalia hivyo, Kaikeyi si mchawi tu aliyedanganywa na mjakazi wake Manthara. Ana madai. Alichokosea ni kudhani mwanawe atayataka.

Kuhusu viatu: Bharata alimfuata Rama na mama zake wote na jeshi, akamsihi arudi. Rama akakataa, kwa kuwa neno la baba halifi na baba. Ndipo Bharata akaomba ndara zake. Alizibeba kichwani, akaziweka kwenye kiti, lakini hakukaa Ayodhya. Alikaa kijiji cha Nandigrama, amevaa magome ya miti na nywele zimesokotana, akatawala kutoka huko kwa miaka 14. Kila shauri alilitoa kwanza mbele ya ndara, na mwavuli wa kifalme ulishikwa juu ya ndara hizo. Msomaji wa Bushi, nchi ya Washi huko Kivu, anayejua mwamikazi (mama wa mwami, yaani mfalme) anavyoshika utawala wakati mwami bado ni mtoto ataelewa upesi: Bharata anafanya kazi yote, jina si lake. Alikuwa ameapa kuingia motoni Rama asiporudi siku miaka 14 inapotimia, naye Rama anamtuma mjumbe wake Hanuman mbele kutoa habari. Tamthilia zikikata kipande hicho, mbio za Hanuman hazieleweki.

"Kwetu mjomba ndiye mlinzi wa mtoto. Mbona Shakuni anamharibu mpwa wake?" (Baba wa Kampemba, Lubumbashi)

Baba, kwa Wabemba na Walamba urithi hupita kwa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti ya haki ndani ya nyumba. Hastinapura urithi hupita kwa baba. Shakuni, kaka wa Gandhari, mama wa Duryodhana, ni mgeni pale. Hana ardhi wala kura, ana sikio la mpwa wake tu. Ile habari kwamba kete zake zilitengenezwa kwa mifupa ya baba yake aliyekufa gerezani ni simulizi ya watu, haimo katika Mahabharata ya Kisanskriti. Vilevile maneno ya Draupadi, mke wa watoto wa Pandu, ya kumcheka Duryodhana kuwa "mtoto wa kipofu ni kipofu": katika maandiko waliocheka alipoanguka majini ni Bhima na wengine.

Michezo yenyewe ya kete ilikuwa miwili, na hapo ndipo watazamaji wengi hupotea. Wa kwanza: Duryodhana anaweka mali, Shakuni anarusha kwa niaba yake, jambo ambalo Yudhishthira anasema si la kawaida, kisha anacheza hivyohivyo. Anapoteza hazina, magari, watumwa, nchi, halafu Nakula, Sahadeva, Arjuna, Bhima, yeye mwenyewe, na mwisho Draupadi. Draupadi anauliza: aliyejipoteza mwenyewe kwanza, ana haki gani ya kuniweka mimi? Bhishma, mzee wa viapo, anasema jambo hili ni gumu mno kwake. Dhritarashtra anaogopa na kurudisha kila kitu. Mchezo wa pili unakuja baadaye, mrusho mmoja tu: atakayeshindwa akae msituni miaka 12 na mwaka wa 13 ajifiche. Akitambuliwa, anaanza upya. Flashi ikiruka kipindi kimoja hapo, hutaelewa kwa nini watu waliorudishiwa mali wako msituni.

"Nianze na ipi? Nina faili nyingi, hazina mpangilio." (Fundi simu, Birere, Goma)

Kwa Mahabharata, ile ya mwaka 1988 hadi 1990 ina vipindi 94 na inashika hadithi kwa utulivu. Ile ya 2013 hadi 2014 ina vipindi 267, inapendeza macho lakini inavuta sana maongezi. Kwa Ramayana, ile ya 1987 hadi 1988 inaishia Rama akitawazwa. Kufukuzwa kwa Sita, mke wa Rama, akiwa mjamzito, na wanawe Lava na Kusha kukua bila baba, kumo kwenye mwendelezo wake, Luv Kush. Ukiutazama, kumbuka kwamba katika Valmiki Rama anaamua peke yake kwa sababu ya maneno ya raia, na mdogo wake Lakshmana anampeleka Sita kana kwamba ni matembezi. Baadhi ya tamthilia humfanya Sita aombe mwenyewe kuondoka, ili Rama asionekane vibaya.

Kabla ya kuanza chora ukoo kwenye karatasi, na kando ya kila mtu andika majina yake yote, kwa sababu tafsiri hubadilisha bila onyo: Bhishma ni Devavrata na Gangaputra, Karna ni Radheya, Vasusena na Angaraj, Draupadi ni Panchali, Arjuna ni Partha.

Faili za vita zikiwa zimechanganyika, zipange kwa vifo. Bhishma anaanguka siku ya 10, analala juu ya mishale, hafi. Abhimanyu anauawa siku ya 13. Jayadratha siku ya 14, na usiku wake Ghatotkacha. Drona siku ya 15. Karna siku ya 17, gurudumu la gari lake likiwa limezama. Duryodhana anavunjwa paja siku ya 18. Ukimwona Abhimanyu ameshakufa na Bhishma bado anaongoza jeshi, rudisha faili hiyo nyuma.